Aya ya Tatu Niliyoiruka

Mama yangu alipokuja kukaa nami Hounslow, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Dirisha alilijua kwa mwanga wake, na mimi alinijua kwa kishindo cha miguu nikipanda ngazi. Kusoma ndiyo kabisa, kulikwisha. Na mama yangu bila gazeti hakiliki chakula, hakulaliki. Basi gazeti nikawa mimi. Na niungame mapema, tusizungushane: katika magazeti yote yaliyowahi kutoka duniani, sidhani kama limewahi kutokea moja la uongo kunishinda mimi.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kitu, msimu ambao chama kikubwa kule nyumbani kilikuwa kinachuja wagombea urais. Walijitokeza wengi, chama kilitaka mmoja. Mchujo wenyewe ulikuwa moto kuliko uchaguzi, maana uchaguzi unamtukana mpinzani, lakini mchujo unamtukana ndugu yako wa chama kimoja, ambaye siri zake unazijua. Nyumbani kwetu, ghorofa ya pili, tuliwabakiza wawili tu. Mmoja tulimwita Kofia kwa sababu hakuonekana bila kofia, mwingine Miwani kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nilikuwa wa Kofia, wa kufa na kuzikana. Sababu? Msinicheke. Nilipokuwa darasa la sita alitembelea shule yetu, akafungua daftari langu, akasema, "Mwandiko mzuri huu." Hiyo tu. Mtu kaniambia mwandiko mzuri, miaka ishirini baadaye nipo tayari kumpa nchi.

Nikimaliza shifti yangu ya alfajiri dukani, pale uwanja wa ndege, nilipitia maktaba ya mtaa, nikafungua kompyuta na kuchapa habari za nyumbani. Magazeti yalikuwa mawili yaliyokamiana. Moja la watu wa Kofia, jingine la watu wa Miwani, ingawa yote mawili yaliapa kwa Mungu kwamba hayana upande. Ah, vichwa vya habari vya siku zile! KOFIA AFUNIKA. MIWANI AUMBUKA. Kesho yake, gazeti la pili: MIWANI ANG'ARA, KOFIA AGWAYA. Gazeti langu lilifika mahali likaandika kwamba miwani ya Miwani haina namba, ni kioo kitupu, anaivaa ili aonekane msomi. Nilicheka maktaba nzima ikanigeukia. Nilitembea mpaka nyumbani nikiirudia peke yangu, na wala sikungoja kuvua koti, nikamwambia mama mlangoni.

"Kioo kitupu?" mama akasema. "Nani aliijaribu?"

"Gazeti limesema, mama."

"Gazeti lina macho?"

Basi nikamsomea kwa mbwembwe zote. Sifa za Kofia nilizisoma polepole, kwa sauti ya msiba wa mfalme. Kofia akiguswa kidogo, nilikohoa, nikageuza karatasi. Miwani akisifiwa, ghafla maandishi yalikuwa yamefifia, wino wa maktaba umekwisha, jamani. Mama alikaa kwenye kochi lake, kanga mabegani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Hakusema yuko upande gani. Nilijiona nimemweka mfukoni.

Katikati ya vurugu hiyo tukaitwa hospitali. Daktari wa macho alikuwa mwanamama mpole, akamwangalia mama kwa taa yake, halafu akakaa akaeleza. Akaeleza kweli, dakika nyingi, mikono inakwenda. Alisema watautoa ule ukungu na kuweka kioo kidogo ndani ya jicho, kwanza moja, lingine baadaye. Akasema wengi wanaona vizuri. Halafu akashusha sauti, akasema kuna wachache, wachache sana, ambao jicho huingia maradhi baada ya upasuaji, na jicho hilo hupotea. Akasema mama lazima alijue hilo kabla ya kutia sahihi. Akaniangalia mimi nitafsiri.

Mama akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema ni kitu kidogo, mama, sawa na kutoa utando kwenye maziwa. Utaona."

Mama akarekebisha kanga yake. "Mbona yeye kasema mengi, wewe umesema machache?"

"Kizungu ni kirefu, mama."

Nesi akatupa fomu tukae nayo nyumbani, tuirudishe siku ya miadi inayofuata. Niliikunja nikaitia kwenye mkoba, na wallahi sikujiona mwongo. Nilijiona mtoto mwema. Nilimjua mama yangu: ukimtajia kupoteza jicho angekataa, angekaa na ukungu wake mpaka kufa, na mimi nilikuwa nataka aone, nilitaka sana, mpaka usingizi ulikuwa unanipaa.

Sasa nieleze kuhusu jirani. Ghorofa ya chini yetu alikaa Mnyamwezi mmoja, mtu wa makamo, kazi yake kupakia mizigo kwenye ndege. Sisi ni Wazigua. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani anaruhusiwa kukutukana mlangoni, mezani, hata kwenye maziko yako, na ukikasirika unatozwa. Jumapili aligonga mlango kwa ngumi.

"Bibi mtani! Hujafa tu?"

"Nife nizikwe na nani, mbeba mizigo wewe!" mama akajibu kutoka kwenye kochi, na uso wote umechangamka. "Babu zako wamebeba mizigo ya Wazungu kutoka Tabora mpaka pwani, na wewe ukaona haitoshi, umekuja kuifuata kwao."

"Mimi angalau nimekuja kwa ndege. Wewe mchawi wa Handeni umekuja kwa ungo, hukulipa nauli!"

Mama alicheka akipiga mapaja. Mimi sikucheka, kwa sababu nilishaona kwapani mwa mtani karatasi zimekunjwa. Alikuwa wa Miwani huyu bwana, na alikuwa amechapa gazeti lake.

Akaketi, akaanza kusoma. Ile habari ya mkutano wa Kofia, ambayo jana yake nilikuwa nimemsomea mama kwa jina la MAELFU WAMLAKI KOFIA, yeye alikuwa nayo kwa jina la KOFIA AHUTUBIA VITI.

"Viti?" mama akauliza. "Mwanangu jana kanisomea maelfu."

"Maelfu ya viti, bibi."

"Gazeti la wahuni hilo!" nikaruka. "Wanalipwa!"

"Na lako linachapwa na malaika?" mtani akasema.

Tukapigana maneno pale sebuleni kama tumetumwa na vyama vyenyewe. Nikamwambia Miwani haoni hata kwa hiyo miwani. Akaniambia Kofia anaficha upara wa akili. Mama alikuwa katikati, kichwa kinakwenda huku na huku, anafurahi mtu asingeamini ana ugonjwa. Halafu akainua mkono.

"Basi. Badilishaneni."

"Tubadilishane nini?"

"Magazeti. Wewe msomee mtani wako lake, naye anisomee lako. Lile la jana. Mwanzo mpaka mwisho."

Nilitamani nile karatasi ile. Nilisema imepotea. Mama akasema, "Ipo chini ya mto huu nilioukalia." Kumbe alikuwa anaziweka zote! Mtani akaivuta, akaweka miwani yake ya kusomea, ambayo ilikuwa na namba, akasoma. Aya ya kwanza, maelfu. Ya pili, shangwe na vigelegele. Ya tatu, ambayo mimi nilikuwa nimeiruka kwa kikohozi, gazeti langu mwenyewe, la upande wangu, lilikuwa limeandika kwamba wananchi walianza kuondoka kabla hotuba haijaisha, baada ya kutangaziwa kuwa pilau imekwisha.

Mtani alianguka kwenye zulia. Siyo maneno ya kuongeza chumvi, alianguka, ameshika tumbo. "Pilau imekwisha!" Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka, anapangusa yale macho yake, anasema, "Njia ya mwongo fupi, mwanangu, njia ya mwongo fupi!" Na mimi, aibu na yote, nikashindwa kujizuia, tukacheka watatu mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta.

Kicheko cha mama ndicho kilichokatika kwanza.

"Na daktari?" akasema.

"Daktari gani, mama?"

"Yule aliyesema mengi. Aya yake ya tatu ilikuwa inasema nini?"

Mtani akainuka taratibu kwenye zulia, akakaa vizuri.

"Jicho ni langu," mama akasema. "Siendi kupasuliwa na mtu ninayesikia nusu ya maneno yake. Siku ya miadi mtani atakuja. Yeye ndiye atakayenitafsiria."

"Mama! Mtu baki? Mimi mwanao nipo!"

"Ndiyo maana. Wewe unanipenda. Mtani hanipendi kiasi cha kunidanganya."

Iliniuma, sifichi. Nililia jikoni, nikapika wali ukaungua, nikawalisha hivyohivyo. Nilimkasirikia mtani, nikamkasirikia mama, nikawakasirikia wahariri wote wa magazeti mawili. Lakini hasira haikuondoa jambo lenyewe: mama akikataa upasuaji, sababu haitakuwa daktari wala jicho. Sababu itakuwa mimi.

Siku ya miadi tukaenda watatu. Mtani alivaa suti, sijui aliitoa wapi, mikono mifupi. Nesi akauliza nani mkalimani, tukasema wote wawili kwa pamoja. Mama akatoa amri yake, nikaitafsiri kwa daktari uso ukiwaka: daktari aseme kipande kimoja kimoja, kwanza atafsiri mtani, halafu mimi, na tukipishana neno, arudie. Daktari akacheka, akasema hajawahi kufanya kazi mbele ya waamuzi wawili.

Tukaanza. Ukungu utatolewa, tukakubaliana. Kioo kidogo kitawekwa, tukakubaliana. Ya ganzi: mtani akasema "sindano", mimi nikasema "dawa ya usingizi", daktari akarudia, ikaonekana ni matone tu, na wote wawili tumekosea. Mama akaguna, akafurahi. Pale chumbani palikuwa na raha ya ajabu, hata nesi aliacha kazi zake akasimama kutusikiliza, ingawa haelewi kitu.

Halafu daktari akashusha sauti ileile ya siku ile, akasema.

Mtani akasikiliza mpaka mwisho. Akakohoa. Aliyemwita mama yangu mchawi na maiti kila Jumapili, sasa akaongea kwa adabu ya mkwe. "Mama," akasema, wala siyo bibi mtani, "anasema kuna watu wachache sana, jicho huingia maradhi baada ya kupasuliwa. Likiingia, linaweza kupotea. Ni nadra, lakini hutokea."

Mama hakumgeukia. Alinigeukia mimi, kule alikosikia nimekaa.

"Na wewe unasemaje?"

Kiswahili changu chote nilichojaliwa kikaniacha, mimi niliyesifiwa mwandiko. Nikashika kanga yake.

"Anasema hivyohivyo, mama. Jicho linaweza kupotea. Alisema na siku ile. Nilikuficha. Niliogopa utakataa."

"Basi?"

"Basi, mama. Ndiyo yote."

"Nilijua lipo," mama akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe tangu mdogo hujui kuficha, unakohoa. La mtani nimelisikia. Nilikuwa nangoja la kwako." Akanyoosha mkono hewani. "Nipeni hiyo kalamu."

Nikatoa ile fomu mkobani, nikamwekea kidole penye mstari. Akatia sahihi kubwa, imepanda mlima, imetoka nje ya kisanduku, na daktari akasema inatosha kabisa.

Alipasuliwa jicho la kulia wiki chache baadaye, tukarudi nyumbani siku hiyohiyo na kibandiko. Nesi alisema nikiondoe mimi asubuhi. Mtani alipanda kabla ya kwenda kazini, amevaa koti lake la kung'aa la uwanja wa ndege, akasimama mlangoni bila kutukana mtu. Nilinawa mikono mara tatu. Nikabandua taratibu, nikalisafisha jicho kwa maji yaliyochemshwa kama nilivyoelekezwa. Mama akafumba, akafumbua. Akapepesa. Akaangalia dirisha, akaangalia pazia, akasema pazia lina rangi mbaya. Mimi nikaruka! Nilipiga vigelegele peke yangu pale, asubuhi ile, London, na ukuta wa jirani ukagongwa tena.

Halafu akaniangalia mimi. Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akanitazama muda mrefu, huku na huku.

"Umekonda," akasema. "Umekwisha, mwanangu. Na kila siku unaniambia umeshakula kazini. Unakula nini?"

Nikafungua mdomo kumwambia ni baridi tu ya nchi hii. Mtani akakohoa mlangoni.

"Chai, mama," nikasema. "Chai na biskuti."