Mwaka Bila Ngumi

Rutagengwa alikuwa mchukuzi wa mizigo katika soko la Gisenyi, na kwa miaka kumi na mitano watu walimjua kwa mambo mawili: magunia ya viazi aliyoyabeba, na ngumi zake. Siku pikipiki ya kijana mmoja aitwaye Hakimu ilipomgonga kiwiko na kumwangusha na gunia lake, hakungoja kuombwa msamaha. Alimvuta Hakimu kutoka kwenye kiti, akamvunja taya kwa ngumi ya pili. Hakimu alipoanguka matopeni, Rutagengwa akaendelea kumpiga mateke, mpaka wanaume wanne wakamng'oa pale.

Alifungwa miezi minane. Alipotoka, mkewe Vénantie, aliyekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alimpokea akiwa amesimama mlangoni. Juu ya jicho la kushoto la mke palikuwa na kovu, nalo lilitokana na mkono uleule wa mumewe.

"Sikiliza, baba Claudette," alisema. "Ukipiga mutu tena, mi na watoto tunaenda kwa mama, kule Nyamyumba. Sitakuambia mara mbili."

Rutagengwa akaapa: mwaka mzima asimguse mtu kwa hasira. Kiapo kilidumu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, mchukuzi mwenzake Munyaneza alimcheka mbele ya lori. "Siku hizi we iko bibi ya nani?" Kabla ya kicheko kwisha, Munyaneza alikuwa chini, meno yana damu. Jioni Rutagengwa alikuta nyumba tupu. Hata sufuria zilikuwa zimeondoka.

Jumapili alitembea kwa miguu hadi Nyamyumba. Mkewe alikataa kutoka ndani. Mama mkwe, Mukandori, alikuwa kwenye chemchemi ya maji moto akikanda magoti yake. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Nimeshindwa, mama," Rutagengwa alisema. "Mwaka ni murefu."

"Lori ya viazi, we unaibeba yote mara moja?"

"Hapana, mama. Gunia kwa gunia."

"Donc? Basi?" Mukandori akaendelea kukanda magoti.

Rutagengwa akaanza upya, hesabu ikarudi sifuri. Safari hii hakuapa mwaka. Asubuhi alijiambia: mpaka saa sita. Saa sita ikifika: mpaka jioni. Alimwomba Munyaneza radhi mbele ya wachukuzi wote, akawaeleza analotaka kufanya, ili aone haya akilivunja. Wengine walimheshimu. Wengine walimtemea mate viatuni, makusudi, waone atafanya nini. Ngumi zilipowasha alinyakua gunia lililokuwa karibu na kulipeleka mbio, hata kama haikuwa zamu yake. Siku nyingine alilia kwa hasira nyuma ya lori, akiuma kitambaa cha bega.

Mwezi wa saba wa hesabu yake, mchana kweupe, wakipakua viazi kutoka Nyakiriba, Hakimu akaja. Taya lake lilikuwa limepona kombo; alipopumua alipiga mluzi. Mkononi alikuwa na chuma cha kufungulia gurudumu.

Pigo la kwanza lilivunja mtulinga wa Rutagengwa, mfupa wa juu ya kifua. Yeye mwenyewe alisikia mfupa ukilia. La pili lilimpata mdomoni. Alitema meno mawili, akaruka, akamwangusha Hakimu juu ya viazi, goti kifuani, akamnyang'anya chuma. Mkono wake mzima ukapanda juu.

Aliutaka ule uso. Angetaka nini zaidi? Mwili wote ulidai, na soko lote lilikuwa likimngoja. Chini yake Hakimu alipumua kwa mluzi wake.

"Piga!" Hakimu alipiga kelele. "Piga basi, mbwa we!"

"Sipigi."

Alikitupa chuma ndani ya lori. Alipojaribu kuinuka, Hakimu alimpiga kwa kichwa puani, kisha ngumi ya ubavu, kisha nyingine. Rutagengwa akamkumbatia kwa mkono mmoja, akamminya kifuani kama gunia, damu ya pua ikimtiririkia Hakimu shingoni. Wakagaagaa pamoja. Hakimu alimuuma sikio. Rutagengwa hakumwachia. Ilichukua muda mrefu mpaka nguvu zikamwisha Hakimu, na alipoishiwa alianza kulia kwa kelele. Hapo watu wakawatenganisha.

Polisi walipomuuliza Rutagengwa kama anashtaki, alijibu kwa mdomo uliovimba: "Mi ndiye nilimuanza."

Mtulinga ulipona vibaya. Habebi tena magunia. Leo anapima sambaza mezani pamoja na Vénantie, aliyerudi mwezi wa tisa wa hesabu ile. Hakurudi kwa sababu ya sifa za sokoni. Alisema watoto walikuwa wamemtembelea baba yao mara tatu, na mara ya tatu hawakushtuka alipofungua mlango kwa kishindo. Usiku wa kwanza, hata hivyo, Vénantie alilala na viatu miguuni.

Mwaka ulitimia siku ya Jumanne, hakuna aliyejua ila yeye. Hasira haijaondoka, wapo wateja ambao anawapimia samaki huku meno yamekazana.

Hakimu hajamsamehe. Kila asubuhi anapita na pikipiki mbele ya meza yao, na Rutagengwa humsalimia. Hakimu hugeuza uso upande wa ziwa, na kuongeza mwendo.