Kwenda Karagita Kumnyamazisha Nekesa

Akina mama wa kanisa letu hapa Nakuru walinituma kwa sababu Nekesa ni binamu yangu, na kwa sababu, walisema, mimi sina maneno makali. Nekesa hukata waridi kwenye shamba moja la maua karibu na Karagita. Alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu, afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, akija, atasimama aeleze jinsi msimamizi wao anavyowaingiza kwenye greenhouse, zile nyumba za plastiki za maua, kabla dawa ya wadudu haijakauka. Huyo msimamizi, Barasa, ni mzee wa kanisa letu la huko. Pasta wetu aliona ni aibu watu wa meza moja ya Bwana kushtakiana. Niende nimwambie Nekesa asamehe, kwa upendo. Nikakubali. Mimi ni fundi wa nguo, shule niliachia darasa la saba, na pasta akisema jambo huwa naliona ni la kweli mpaka nifike njiani.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori ya jirani yangu Kiprono, iliyokuwa inatoka Kuresoi na viazi. Tukipita Gilgil akaniuliza safari ni ya nini. Nikamweleza yote.

"Na huyo Barasa ametumiwa nani?" akauliza.

Nikasema labda pasta atampigia simu.

"Sasa mathe, Nekesa analetewa mtu mzima na lori, mwenye makosa analetewa simu."

Nilikasirika kidogo. Nikamwambia hatujui bado nani ana makosa. Akanishukisha Naivasha, na lile swali nikashuka nalo.

Karagita nilifika kwa boda mchana. Nekesa anakaa chumba kimoja cha kupanga, kitanda nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa mekundu na ngozi ya mikono inabanduka. Akaweka chai. Nikaanza hotuba niliyokuwa nimepanga, ya kusamehe saba mara sabini, na kabla sijafika mbali nikaona machozi yanamshuka, bila sauti, huku anachuja chai. Nikafanya kile mtu yeyote angefanya. Nilimshika bega nikasema, "Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza."

Akaweka chujio chini.

"Kazini nikilalamika naambiwa nyamaza. Kanisani nikilia naambiwa nyamaza. Dada, hii yako ni gani?"

Nilitaka kusema ni ya kumfariji. Na ilikuwa ya kumfariji, naapa. Lakini nilikuwa nimetumwa nipeleke ile ingine, ya kuziba mdomo, na zote mbili zilikuwa mdomoni mwangu kwa neno moja.

Jioni nilienda kwa Barasa, maana si haki kusikia upande mmoja. Nakiri nilitamani nimkute mtu mbaya, ili nirudi nimetulia. Mkewe alinipa chai na mandazi. Barasa alisema mtoto wa Nekesa alipougua ni yeye aliyempeleka hospitali na gari lake, na ni kweli, Nekesa mwenyewe alikuwa ameniambia. Kuhusu dawa, alisema wakubwa wanataka maua yatoke yawahi ndege ya kwenda ng'ambo, na akichelewesha watu anatafutwa yeye.

"Nekesa nampenda kama dada yangu," akasema.

Nikamuuliza kama dada yake wa tumbo moja angemwingiza pale dawa ikiwa mbichi. Macho yakamjaa maji. Lile neno likanifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikakaa tu, akalia.

Jumapili wote wawili walikuja kanisani, mmoja kushoto mmoja kulia. Mahubiri yalikuwa ya kumpenda jirani. Tuliitikia amina sisi sote, na sijui kama tulikuwa tunaitikia kitu kimoja. Tukitoka, Nekesa aliniuliza kama ningeweza kulala siku moja zaidi, nikae karibu naye Jumatatu. Hakuomba kingine. Nilifikiria pasta, nikafikiria ile mikono, nikalala.

Jumatatu alisimama mbele ya afisa, mimi nikiwa karibu naye. Kwanza alisema Barasa alimwokolea mtoto. Halafu akasema yale mengine yote. Wanawake wengine wakasimama nyuma yake. Afisa akaagiza mtu asiingie ndani mpaka dawa ikauke, na wakubwa wakamwambia Barasa akae nyumbani kwanza. Wakubwa wenyewe hawakukaa nyumbani. Barasa ana watoto shuleni. Hiyo inaniuma mpaka leo, na sijui niiweke wapi. Nilichojifunza ni kidogo: kwamba nilitumwa na upendo kwenda kuzuia kitu ambacho, nilipokiona, kilifanana na upendo. Naweza kuwa nimekosea.

Jioni ile nilirudi Nakuru. Pasta na akina mama walikuwa wananingoja kanisani.

"Enhe," pasta akauliza, "Nekesa amenyamaza?"

"Kunyamaza kulia, pasta, ama kunyamaza kusema?"

Akaniangalia kama mtu asiyejua Kiswahili.

"Kulia amenyamaza," nikamwambia. "Alinyamaza alipomaliza kusema."