Jicho limezima, karani kaandika macho mekundu

Leo asubuhi jicho langu la kulia lilizima ghafla nikiwa namnyonyesha mwanangu. Dakika kumi giza tupu, kisha likarudi lenyewe.

Daktari kasema ni dalili mbaya, nipimwe mishipa ya damu leo leo. Akaandika vizuri: jicho moja kutoona kwa muda.

Nafika dirisha la bima, kipimo kimekataliwa.

Kumbe karani kabandika ukutani karatasi ya namba za magonjwa, zile anazotuma bima. Kila mwenye shida ya jicho anampa namba moja tu, ya macho mekundu, na bima hailipii kupima mishipa kwa macho mekundu. Na yangu meupe pee!

"Kaka, hukusoma alichoandika daktari?"

"Sista, wa macho wote tunawaandikiaga hiyo. Yako mpaka niitafute."

"Itafute."

"Njoo kesho."

Kesho! Na likizima moja kwa moja usiku wa leo?

Nikatandika kanga juu ya kaunta yake, nikamlaza mwanangu taratibu. "Sie tupo."

Akaguna, akabonyeza kompyuta yake. Namba yangu ikatoka, bima ikakubali. Nimeshapimwa, nasubiri majibu.

Jamani, nyie mngemwambiaje mtu huyu? Kuitafuta kwenyewe hakukufika hata zile dakika zangu kumi za giza.