Maharagwe Yote Yalikuwa ya Mama Mkwe

Wenzangu, mnaniona nimesimama kwa miguu hii. Habari yangu inaanzia hapo miguuni, kwa hivyo mnivumilie.

Kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, nilikuwa mke wa mtu mwenye shamba na ng'ombe wawili, upande wa Nkubu. Nguvu nilikuwa nazo, wacha tu! Kisha mume wangu akapelekwa kizuizini, ng'ombe wakachukuliwa, sisi tukahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki. Shambani tuliruhusiwa saa chache, homgadi, yule mlinzi wa serikali, akipiga filimbi unarudi mbio. Nilibaki na mtoto anyonyaye, Kendi, na mama mkwe asiye na jino hata moja.

Chakula chetu kilikuwa muthere, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Maharagwe yalikuwa machache, na mahindi Mama hakuweza kutafuna. Basi kila siku nilichambua chungu: maharagwe yote kwake, mahindi kwangu. Nilivyolelewa, mkubwa hupewa kilicho laini. Nilijiona mke mwema kweli kweli.

Baada ya miezi miguu ikavimba, halafu uso. Majirani wakanitania, "Mama Kendi, sisi tunakonda wewe unanenepa! Unatuficha nini?" Nikacheka nao. Lakini nywele zilikuwa zikitoka na kitana, ngozi ya miguu ikapasuka ikatoa maji, na maziwa yakapungua mpaka Kendi akawa ananyonya akilia. Hapo nikaogopa. Sikuogopa kufa mimi, niliogopa kumzika yeye.

Nikaomba kibali, nikaenda hospitali ya misheni. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Mama, huku si kunenepa. Haya ni maji. Unakula nini?"

"Muthere."

"Pamoja na maharagwe?"

"Maharagwe ni ya mama mkwe."

Akaweka kalamu chini. "Mahindi peke yake hayajengi mwili. Kuna kitu yanakosa, na maharagwe yanacho. Maharagwe nayo yana upungufu wake, mahindi yanauziba. Ule vyote viwili, tena kila siku."

Nililazwa pale na Kendi wiki tatu, nikipewa maziwa, mayai na maharagwe. Nilikojoa, jamani, nilikojoa mpaka nikaona vifundo vya miguu yangu tena.

Kurudi nyumbani nilimweleza Mama. Akalisukuma bakuli lake.

"Kumbe nilikuwa nakula maziwa ya mjukuu wangu."

Akalia. Nami nikalia, maana kosa lilikuwa langu, yeye hakujua. Kesho yake alishika mchi mwenyewe, akaponda muthere wote na majani ya maboga mpaka ukawa laini. Tukala bakuli moja. Tangu siku hiyo hakutia mkono kabla sijameza tonge la kwanza, akinitazama kooni. Maziwa yakarudi.

Nashukuru Mungu, namshukuru yule dresa, na namshukuru Mama, apumzike salama. Siku hizi wajukuu wananiambia hiyo inaitwa protini kamili. Sawa. Mimi nawaambia akina mama: nyama ikikosekana, usihangaike, mahindi na maharagwe yako hapo, au uji wa wimbi na kunde. Na wewe mama mwenyewe, kula. Usijinyime ukadhani ndiyo heshima.

Chakula kiko tayari kule nyuma. Aliyekipika ni Kendi, na yeye sasa ni nyanya. Ni muthere. Tafadhali, mtu asichambue.