Sentensi ya Mwalimu Sare

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sare, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alifundisha Kiingereza, na katika Kiingereza chote alipenda jambo moja kuliko mengine: sentensi ikitaja mambo matatu, iyataje kwa umbo moja. Ukianza na kitenzi, endelea na kitenzi. Ukianza na jina, usichomeke kitenzi katikati. "Maneno yako mstarini," alikuwa akisema huku akigonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Yote yavae sare. Nani kaja na nguo za nyumbani?" Darasa lilicheka, na mkosaji hakukosa kufichuliwa.

Mfano wake ulikuwa ule ule miaka nenda miaka rudi: My son heals the sick, my daughter builds houses, and my youngest... Mwana anatibu wagonjwa, binti anajenga nyumba, na yule wa mwisho... Hapo aliacha nafasi tupu, wanafunzi wajaze. Walimfanya rubani, hakimu, hata mfalme. Mradi maneno yamevaa sare, alama ilitolewa.

Wawili wa kwanza walikuwa wanawe wa kweli, daktari na mhandisi, na shule nzima ilijua, maana kwa hilo mwalimu hakuwa bubu. Wa tatu, kitindamimba wake, aliacha chuo cha uhasibu akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Baba alimsihi, akamnunia, mwisho akazoea. Nyumbani walikula pamoja na kutaniana kama kawaida. Ila shuleni hakumtaja. Si kwamba hakumpenda. Alimwonea haya, basi.

Siku moja mlango wa darasa uling'oka bawaba. Mwalimu mkuu akampigia simu fundi aliyesifiwa na jirani, bila kujua ni mtoto wa nani. Fundi akafika na ovaroli lake, mashine mkono mmoja, kofia ya kuchomelea kwapani, akamkuta baba yake mbele ya ubao, sentensi imeandikwa na pengo lake liko wazi. Wote wawili walishtuka. Aliyejikaza upesi ni binti, yule kitindamimba: alipiga magoti mlangoni akaanza kuikagua bawaba.

Msichana wa dawati la mbele, ambaye kwake kunyamaza ni adhabu, akainua mkono.

"Mwalimu, huyu wa mwisho hasa anafanya kazi gani?"

Mkono wa fundi ulisimama. Hakugeuka, lakini hata aliyekaa nyuma kabisa angeona kwamba anasikiliza.

"Huo ni mfano tu," mwalimu akasema. "Endeleeni na zoezi."

Fundi akachomeka waya, akawaambia wanafunzi wageuze nyuso wasije wakaumia macho.

"Mmemsikia fundi?" mwalimu akadakia, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

Cheche ziliruka, zikakoma. Binti akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Ulitii bila kelele. Akakusanya vifaa vyake.

"Kazi imekwisha, mwalimu," alisema kwa adabu zote, akatoka.

Mwalimu! Tangu ajue kusema, mtoto yule hakuwahi kumwita baba yake hivyo, hata siku walizogombana kuhusu chuo. Neno lilimchoma mzee wa watu. Aliitazama sentensi yake, ina mwana, ina binti, ina pengo, akajionea aibu yeye mwenyewe. Alitoka mbio, chaki mkononi.

Fundi alikuwa katikati ya uwanja, ameinamia upande mmoja kwa uzito wa mashine. Nyuma yao nyuso zilijaa madirishani.

"Mwanangu!" mwalimu aliita kwa sauti aliyozoea kuitumia kuwapanga wanafunzi mstarini, sauti ya kusikika mpaka ofisini kwa mkuu. "Mwanangu, ningoje!"

Alimfikia akihema, akashika upande wa pili wa mpini. Binti hakuiachia mashine, wala hakumtazama. Walitembea hivyo kidogo, mzigo ukiwayumbisha, maana baba hakujua kubeba.

"Baba," binti akasema hatimaye, "una kipindi."

"Waache wamalize wenyewe," alijibu. "Jibu wameshaliona."