Nambari Nne Ilibaki Mpakani

Mtu akiniambia kwamba kusafiri nje ya nchi na watoto ni raha, namwangalia tu. Mimi nilisafiri mara moja, siku nne, hadi Moshi, ambako hata si mbali, na uchovu wa safari ile bado uko kwa mgongo wangu, pale pale panaponiuma nikikaa sana kwa cherehani.

Mimi ni fundi wa kushona. Kibanda changu kiko Sultan Hamud, na kazi yangu kubwa ni yunifomu za shule. Mwaka huo timu ya voliboli ya wasichana, shuleni kwa binti yangu, ilialikwa Moshi kwa mashindano ya watoto wasiozidi miaka kumi na tatu. Binti yangu alikuwa nambari nne, yule wa kuinua mpira ili wenzake wapige. Mwezi uliofuata angetimiza kumi na nne. Kwa hiyo ilikuwa ni safari hiyo au basi. Nyumbani kila mtu alilijua hilo, hata kuku, maana mpira ulikuwa unagonga ukuta wa jikoni asubuhi na jioni mpaka wakaacha kutaga.

Jezi za timu nilishona mimi, na kaptura, na mifuko ya viatu. Nilipomaliza nikadhani sasa nitapumzika. Nani, mimi? Mwalimu wa michezo ni mwanamume, na mwalimu wa kike aliyekuwa aende alikuwa amejifungua. Wazazi walisema wazi kwamba binti zao hawavuki mpaka bila mama wa kuandamana nao. Shule ikaita mkutano, ikaomba mzazi mmoja ajitolee. Wote wakaangalia chini. Mimi pia niliangalia chini, lakini nilichelewa. Nikaweka sahihi kwamba wasichana kumi na wawili wako mikononi mwangu mpaka warudi kwao.

Halafu akaja mama mkwe wangu.

Yeye anakaa Kathonzweni, na hakuomba kuja, alinijulisha. Hapo lazima nieleze kidogo. Binti yangu amepewa jina lake, na kwetu Ukambani mtoto akipewa jina lako, huyo ni wewe. Si kwamba anafanana na wewe. Ni wewe. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani ni mgeni, humwita binti yake mwaitu, yaani mama yangu, na akitaka kumgombeza unaona kabisa anaogopa. Mtoto aliposumbuliwa na jino mwaka fulani, mama mkwe alikataa nyama huko kwake wiki nzima, akisema jino linamsumbua. Nilicheka siku hiyo. Nilipomwambia kwa simu kwamba safari ni ndefu na magoti yake ni mabaya, aliniuliza inakuwaje yeye aende ng'ambo na yeye tena abaki Kathonzweni.

Alifika Alhamisi na kiondo chake. Ndani kulikuwa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ndengu za kutosha kulisha harusi, Biblia, na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyojaa mafuta. Si mafuta ya kupikia. Ni mafuta yaliyoombewa kanisani, na kwake hayakosi. Mbuzi akikataa kula anapakwa. Mlango mpya unapakwa. Mimi nimeokoka na naamini maombi, lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikamwambia Mwaitu, tafadhali, hayo mafuta yakae chini ya ndengu yasije yakamwagikia jezi. Alikaza kifuniko tu, akairudisha chupa wima.

Vibali vya watoto vya kuvuka mpaka vilikuwa vimeshaombewa. Jumapili iliyotangulia tuliviweka vyote madhabahuni, kama tunavyoweka kalamu za watahiniwa kabla ya mtihani, na mchungaji akavinyooshea mkono. Kibali chenyewe kilikuwa karatasi moja yenye picha na muhuri. Baada ya ibada mwalimu wa michezo akampa kila msichana chake akitunze, ati wajifunze kuwajibika. Walimu wanapenda sana neno hilo.

Ijumaa tukaondoka mapema na basi la shule. Kufika Emali tayari wawili walikuwa wametapika. Kufika Loitokitok nilikuwa nimefua sketi moja kwa maji ya kunywa na kutafuta kiatu cha mtu chini ya viti vyote. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na wasichana walikuwa wanaulizana kama Tanzania udongo ni mwekundu kama wetu. Binti yangu alikaa na nyanya yake kiti cha mbele, kimya, na mimi nikafikiri ni woga wa mechi. Nilifurahi hata. Mchezaji asiye na woga hana akili.

Mpakani tukapanga mstari. Afisa alikuwa msichana mdogo, mpole, aliyewauliza watoto wanacheza nafasi gani. Nambari moja akapita, mbili, tatu. Alipofika kwa binti yangu, akashika karatasi, akaigeuza kwa mwanga, akajinusa vidole.

Nilisogea nikaona. Pale palipokuwa na uso wa mtoto wangu palikuwa na doa la mafuta. Wino wa muhuri ulikuwa umetambaa juu ya picha na kushuka mpaka kwa nambari. Ungeambiwa ni picha ya mtu yeyote, ungekubali. Afisa alisema, kwa upole ule ule, kwamba hawezi kugonga muhuri kwenye kibali kisichosomeka, na kipya kitatolewa kule kilikotoka, ofisi zikifunguliwa Jumatatu. Mechi zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Kisha akauliza ni nani alipaka karatasi mafuta.

"Ni mimi," mama mkwe akasema.

Hasira hasara, tunaimbiwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Kwetu mke wa mtu hampazii sauti mama wa mume wake. Hata chakula unampa ukiwa umeinama. Mimi nilipaza sauti hadi madereva wa malori wakageuka. Na nilitumia Kiswahili, si Kikamba, ili kila mtu asikie. Nilimwambia ameharibu mtoto wangu. Nilimwambia tangu nimeolewa nimevumilia mafuta yake. Halafu nikasema hili, na sitalificha:

"Hayo mafuta yako nenda nayo kaburini."

Wasichana wakaziba midomo. Mama mkwe alikuwa ameangalia kiondo chake. Binti yangu alisimama nyuma yake ameshika mshipi wa kile kiondo kwa mikono miwili, na mimi nikadhani naye amemkasirikia ila anamwonea huruma kwa sababu ya umri. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwalimu wa michezo akanivuta kando. Timu haiwezi kurudi, alisema, kumi na mmoja wana vibali safi. Nikamwambia basi nabaki na mtoto wangu. Akatoa ile karatasi yenye sahihi yangu, akaikunja tena bila kuifungua. Hakuhitaji kunisomea. Nisipovuka mimi hakuna anayevuka.

Karibu na mpaka palikuwa na duka la mama mmoja Mkamba wa dhehebu letu, ambaye alikuwa ametoka nje kutazama kelele. Alijitolea kumlaza binti yangu, na nyanya yake abaki naye, mpaka turudi Jumatatu. Nilitaka wapande gari warudi Sultan Hamud, lakini mama mkwe alikataa, akasema tulitoka pamoja na tutarudi pamoja. Ndilo neno pekee alilolisema. Binti yangu alivua jezi yake aliyokuwa amevaa ndani ya sweta, akaikunja vizuri, akanipa niende nayo, labda mwenzake ataihitaji. Mama mkwe akanipa muthokoi wote na ndengu nusu. Nilipokea bila kusema asante. Nikavuka mpaka na watoto wa watu, wangu nimemwacha.

Moshi naikumbuka kwa mgongo, kama nilivyosema. Tulilala bweni la shule moja, vitanda vya juu na chini, na mimi nikalala karibu na mlango. Wasichana wenyeji walikuwa wema, walitufundisha kusema mambo kwa Kiswahili chao kizuri, hadi wetu wakaona aibu kufungua mdomo. Nilisuka nywele. Nilitibu malengelenge. Nilipika muthokoi wa mama mkwe kwa sababu watoto walikuwa wamekumbuka nyumbani, na waliula wote wakalamba sahani, na mimi sikuugusa. Kila jioni nilifua jezi zote kumi na mbili. Ile ya nambari nne haikuwa imevaliwa, ilikuwa safi, lakini niliifua pia. Niliianika katikati ya tatu na tano.

Msichana aliyechukua nafasi ya binti yangu alijitahidi, masikini. Mipira yake ilikuwa inainuka vibaya, chini mno au nyuma ya wapigaji. Tulishinda mechi moja, tukapoteza mbili. Baada ya ya mwisho alikuja kulia mapajani mwangu akiniomba msamaha, na nikamwambia hana kosa, wa kulaumiwa yuko mpakani. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimejaa hasira siku tatu nzima, na hasira inachosha kuliko kufua.

Jumatatu tukafika mpakani saa sita mchana. Simu yangu ilikuwa imekataa huko ng'ambo, kwa hiyo hawakujua tumeshindwa. Mama mkwe alikuwa ameketi nje ya lile duka na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye ndengu za mwenyeji wake. Binti yangu aliniona, akaja haraka, na kabla sijaweka mkoba chini akaniambia:

"Mama, mafuta nilipaka mimi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Alhamisi usiku nyanya yake alipoenda kuoga, alichukua ile chupa kutoka kwa kiondo. Mchungaji alikuwa ameombea vibali vyote kumi na viwili kwa mkupuo mmoja, alisema, na yeye alikuwa na woga kuliko wengine wote, kwa hiyo alifikiri anahitaji zaidi. Alipaka tone moja usoni kwa picha na kusugua kwa kidole gumba, jinsi anavyoona mchungaji akifanya kwa vipaji vya nyuso za watu. Halafu akaongeza tone lingine. Alipoona wino unatembea aliificha karatasi ndani ya bahasha na kuomba Mungu airekebishe kabla ya mpaka. Siku tatu hizo alikuwa anataka kuniambia, na kila siku nyanya yake alimwambia angoje.

Nilimwendea mama mkwe. Nilipiga magoti pale kwa vumbi, mimi na mgongo wangu, nikamwambia kwa Kikamba kwamba nimekosa. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye na alijua si yeye.

Aliendelea kuchagua ndengu. Akaniuliza ile karatasi ilikuwa na jina la nani. Lako, nikasema. Basi si ni mimi, akasema.

Nikamwambia hapana, hii siwezi kuiacha hivi. Nilimtukana mbele ya timu yote, kwa hiyo nitawaita wasichana washuke kwa basi na nimwombe msamaha mbele yao, wajue hakufanya. Nilikuwa tayari nimeanza kuinuka. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ukinisafisha mimi, unampaka huyu," akasema. "Si uliniambia niende nayo kaburini? Nitaenda nayo. Yeye bado ana darasa la kukaa na hao wenzake."

Binti yangu alikuwa amesimama hapo na alisikia kila neno. Ndipo akalia.

Tulipanda basi. Nilibeba kiondo mimi, na mama mkwe akaniachia, ingawa mlangoni alinikumbusha chupa iwekwe wima. Wasichana walimpisha kwa ile adabu ya kumhurumia mtu aliyekosea, na mmoja akamwambia asijali, shosho, si makusudi. Akawashukuru. Nilikaa kiti cha nyuma yake na nikaangalia kitambaa chake cha kichwa mpaka Emali, na sikupata usingizi, ingawa sikuwa nimelala vizuri tangu Ijumaa.

Miaka imepita. Binti yangu sasa amenipita kwa urefu, yuko chuoni, na juzi aliniambia niandike jambo hili kama lilivyokuwa, kwa sababu yeye ameshakuwa mkubwa wa kulibeba. Nyanya yake bado hataki. Hapa Sultan Hamud hadithi ya shosho aliyepaka kibali mafuta mpaka mtoto akakosa kucheza Moshi ni maarufu. Watu huisimulia hata kwenye kibanda changu wakingojea vipimo, na mama mkwe akiwa amekuja kututembelea wanaisimulia mbele yake. Yeye hucheka nao, na pale wanaposahau huwakumbusha, kwamba hata muhuri uliyeyuka. Mimi nainamia cherehani.