Kijito cha Mwizi

Enos Purdom alifika katika bonde lile la Wyoming siku tatu baada ya Harlan Teague, na siku hizo tatu zikamtafuna maisha yake yote. Teague alikuwa ameshachukua ardhi ya juu, maji yanakoanzia. Ng'ombe wa Teague walinenepa. Wa Enos nao walinenepa, ila yeye aliona mbavu tu. Hata Teague alipofiwa na mkewe, Enos aliuonea wivu umati uliokuja kuzika.

Mwaka 1893 akaja mpima ardhi wa serikali, na nyumbu wawili wa mizigo na darubini ya miguu mitatu. Kwa desturi ya kule, anayemlisha mpima ndiye anayeulizwa majina ya mahali. Enos akawahi kumkaribisha mezani.

"Kijito hiki mnakiitaje?" mpima akauliza, mdomo umejaa maharage.

Bonde zima lilikiita cha Teague. Enos akaitazama sahani yake. "Kijito cha Mwizi."

"Mwizi gani?"

"Andika tu, bwana. Wenyewe tunamjua."

Lavinia, mkewe, akatua birika kwa kishindo. "Enos! Mungu anakusikia."

"Na asikie. Anajua maji yale yalikuwa ya nani."

Ramani ilitoka baada ya miaka miwili, ikabandikwa dukani. Kwa Teague, mistari ya kuonyesha miinuko ilisongamana mpaka herufi zikakosa pa kukaa. Kwa Enos palikuwa tambarare, karatasi nyeupe. Basi jina likaandikwa huko, likaishia ubavuni mwa kisanduku cheusi: nyumba yake.

Wanunuzi wa ng'ombe wakaanza kukagua chapa za ng'ombe wake mara mbili mbili, wasije wakanunua wa wizi. "Ndiwe wa kwa Mwizi?" Wengine walipita bila kushuka farasi.

Kubadili jina kulihitaji sahihi ya jirani, na jirani alikuwa mmoja. Enos akaichukua karatasi ya maombi, akapanda kwa Teague.

Teague alicheka mpaka machozi. "Purdom, mzee wangu, jina hili si ulinishonea mimi?"

Enos akamsogezea karatasi.

"Haya, lete kalamu. Tukiite Kijito cha Purdom, yaishe."

Jina lake, kwenye ramani ya serikali! Na kila atakayelisoma, Enos aliwaza, atakuwa anasoma zawadi ya Teague.

"Acha tu," akasema, akikunja karatasi. "Hilo lililopo linatosha."

Nyumbani alimwambia Lavinia kwamba hakumkuta Teague.